Pale bibi anapotia uzi kwenye sindano: shajara ya picha za vizazi, Tanga

Oktoba 4, Ijumaa. Ngamiani, Tanga mjini

Nimeanza leo, na picha zote za leo sitazitumia.

Niliiomba familia ya kwanza tukutane baada ya swala ya Ijumaa, wanaume wakiwa wamerudi msikitini na kanzu bado safi. Nyumba ina vizazi vinne: bibi aliyevuka miaka 80, binti yake, mjukuu wake, na kitukuu wa kike wa miaka saba. Walikuwepo pia waume, wajomba, na shangazi aliyetoka Muheza kwa ajili ya picha tu. Niliwapanga barabarani mbele ya baraza, safu tatu, saa 7:15 mchana.

Tanga iko digrii tano kusini mwa Ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, jua la mchana hupita juu ya utosi hasa. Nililisoma hilo shuleni, na leo nimeliona kwenye nyuso za watu. Kila jicho ni shimo jeusi. Kofia zimetupa kivuli hadi puani. Kanzu zimeungua kwa weupe, mshono hauonekani, na mabuibui yamekuwa giza tupu lisilo na mkunjo. Bibi alisimama pale dakika kumi na mbili bila kulalamika. Naliandika hili ili nisimsimamishe tena mzee juani kwa sababu ya kamera yangu.

Kosa la pili halihusu jua. Nilimwambia mkwe wa kiume asogee bega kwa bega na mama mkwe wake ili safu ifungane. Hakusogea. Alitabasamu akatazama chini, na mama mkwe akavuta ncha ya ushungi wake. Mimi ni mtoto wa pwani, nilipaswa kujua kuwa nafasi ile kati yao ndiyo heshima yenyewe. Shangazi ndiye aliyenusuru: alimsukuma kitukuu katikati. Mkono mmoja wa mtoto ukaenda kwa baba yake, mwingine kwa bibi yake, na wote watatu wakashusha pumzi. Mwanga wa picha hiyo haufai, lakini mpangilio wake nimeuchukua.

Oktoba 5

Niandike sababu ya mradi mapema, nisije nikaisahau katikati ya mambo ya lenzi.

Bibi yangu mzaa mama alifariki akiwa ameacha picha moja, ya paspoti, aliyopigwa kwa ajili ya kitambulisho. Nyuma yake kitambaa cha bluu, mabega yamenyooshwa, macho mbele kama alivyoamriwa. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni, aliyenichambua mwiba mguuni kwa pini, aliyekuwa akinilisha samaki kwa kutoa miiba kwanza kwa vidole vyake. Hakuna picha hata moja ambayo mkono wake umemgusa mtu.

Kwa hiyo: familia tatu za mkoa huu, kuanzia vuli hii hadi kipupwe cha mwakani, nyumbani kwao, kwa mwanga wa jua na wa mbingu peke yake. Flashi sitaitumia. Ikishawaka mara moja kila mtu huacha alichokuwa akifanya na kukaa kupigwa picha, na mzee mwenye mtoto wa jicho huumia. Halafu kuna hili pia: watoto wa nyumba ile watakapokua watakumbuka ukumbi wao ulivyokuwa na mwanga wa aina fulani, kutoka upande fulani. Sitaki kuwafutia.

Oktoba 26

Siku ya maana kuliko zote mpaka sasa, na nimepiga picha tisa tu.

Nilikwenda Ngamiani peke yangu saa 1:30 asubuhi. Nikapiga hodi, nikapokewa, "Shikamoo bibi," "Marahaba mjukuu wangu, karibu, chai ipo." Bibi hushona kofia za viua. Binti yake hushona, mjukuu hushona akipata nafasi, na kitukuu anafundishwa kuzungusha uzi kwenye vitundu. Kazi hii ni ya macho. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, tundu moja baada ya jingine, kofia moja inaweza kula wiki nyingi.

Nyumba yao ni ya Kiswahili ya kawaida: baraza mbele inatazama kaskazini, ukumbi umepita katikati, vyumba huku na huku, mlango wa nyuma unafungukia uani, kusini. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama tu. Saa 2 bibi alikuwa kwenye mkeka wake karibu na mlango wa uani, bega la kushoto likielekea nje. Saa 4 alijivuta hatua moja ndani. Saa 6 na nusu, uani kote kukiwa kweupe hadi macho yanauma, yeye alikuwa katikati ya ukumbi akitazama mlango wa mbele. Saa 10 alasiri alihamia barazani, pembe ya mashariki. Hakuna aliyemwambia ahame. Alinyanyuka, akakunja mkeka, akaenda.

Kila alipohama nilipima mwanga kwenye shavu lake. Wepesi wa kamera kupokea mwanga, ISO 400; upana wa tundu la lenzi, f/4; muda wa tundu kubaki wazi, sekunde 1/125. Sehemu zote nne, saa zote nne, namba zilikuwa karibu zilezile. Mimi na kamera yangu tungetafuta siku nzima.

Nikamuuliza: "Bibi, unajuaje pa kukaa?"

Akanitazama kana kwamba nimemuuliza anajuaje mlango ulipo. "Nakaa pale ninapoliona tundu la sindano."

Jibu hilo limebadilisha mradi. Nilikuwa nikiingia nyumba za watu nikitafuta "sehemu yenye mwanga mzuri", nikihamisha viti, nikiwaomba wazee wakae wasipokaa siku zote. Kumbe kila nyumba ina mtu aliyekwisha kuupima mwanga wake kwa miaka 50. Kuanzia leo, kabla ya kutoa kamera kwenye mkoba, nitauliza: hapa nyumbani mnachagulia mchele wapi? Mtoto akichomwa na mwiba mnamtolea wapi? Babu anasomea msahafu upande gani? Nitaweka mkoba wangu hapohapo.

Novemba 9

Asubuhi mbili mfululizo mlangoni uani. Maelezo ya kazi, kwa yeyote atakayejaribu:

Mlango mmoja ulio wazi hutoa mwanga mwingi kwa aliye karibu na mchache kwa aliye nyuma yake, na tofauti hiyo huja upesi kuliko jicho linavyodhani. Kwa dirisha dogo, aliyeko mita mbili hupata kama robo tu ya mwanga wa aliyeko mita moja. Macho yetu hujirekebisha tusiione tofauti hiyo, kamera haijirekebishi. Kwa hiyo ukiweka vizazi vinne kimoja nyuma ya kingine kuelekea ndani, kizazi cha nne kitazama gizani. Wakae sambamba na mlango, kama wanaopanga foleni ya kusukana, kila mmoja akiwa na umbali uleule kutoka kwenye nuru. Na kusukana ndiko nilikokupiga: mama anamsuka mtoto, bibi mdogo anamsuka mama, ngazi tatu za kizingiti, vichwa vitatu vimeinama upande mmoja.

Kuhusu kanzu na buibui: kamera inayojiamulia yenyewe hutaka kila kitu kiwe cha wastani, si cheusi wala si cheupe. Buibui likijaa kwenye fremu itaongeza mwanga mpaka kanzu iungue, na kanzu ikijaa itapunguza mpaka uso wa mtu uwe kivuli. Mimi napima usoni, kwenye shavu linalotazama mlango, kisha nafunga hesabu na kuacha nguo zijitegemee. Ngozi yetu ina rangi nyingi ndani yake, nyekundu, dhahabu, samawati kidogo kwenye paji la uso, na zote hupotea ukikosea hatua moja.

Ukuta wa ukumbi una rangi ya mafuta ya kijani hadi usawa wa kiuno. Mtoto akiegemea pale shavu lake linakuwa la kijani. Niliazima shuka nyeupe, nikaitandika sakafuni upande wa ukuta, rangi ikapoa. Msaada mwingine sikuutegemea: jirani wa nyuma ameezeka bati jipya, na kuanzia saa 3 hadi saa 4 bati hilo hurudisha jua uani kwao kwa ulaini wa ajabu. Bati likianza kushika kutu msaada huo utaisha.

Nimeona pia kwamba bibi amehama kidogo tangu Oktoba. Jua limekwenda kusini, sasa asubuhi linaingia mlango wa uani kwa mshazari, naye amejitoa kwenye mstari wake.

Desemba 14. Tongoni

Familia ya pili ni ya wavuvi, karibu na magofu ya msikiti na makaburi ya kale ya Tongoni. Babu, wanawe wawili, na wajukuu wasiohesabika kwa sababu hawatulii.

Nilipouliza swali langu la mwanga, babu alinyoosha kidole kwenye mti wa mkungu ulioko juu kidogo ya mstari wa maji. Chini yake ndipo anapofumia nyavu. Nikafurahi, halafu saa 4 asubuhi nikaona tatizo: jua linapenya majani na kudondosha madoa meupe kila mahali. Doa moja kwenye pua ya mtu linaharibu uso mzima. Nilihangaika nusu saa. Babu mwenyewe hakuwa hapo bado. Alikuja saa 10, jua limeshuka nyuma ya minazi, kivuli cha mkungu kimekuwa kimoja, na kilichobaki ni mwanga wa anga ya baharini kutoka mashariki. Maji yalikuwa yamekupwa. Mchanga mweupe uliobaki wazi ulikuwa ukirudisha nuru kutoka chini, ikaingia chini ya ukingo wa kofia yake na kuyafikia macho. Maji yalipoanza kujaa na mchanga ukaloa, nuru ile ya chini ikapungua waziwazi. Kwa hiyo hapa ratiba yangu inapangwa na jua na bahari kwa pamoja, nami nimeanza kuuliza siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, kabla ya kupanda daladala.

Babu na mwanawe mkubwa hawazungumzi sana. Sikuuliza kisa, si kazi yangu. Walikuwa wamekaa hatua nne mbali, na picha za kwanza nilizopiga zilikuwa za watu wawili walioketi ufukwe mmoja. Kisha babu akavuta wavu kutafuta tundu jingine lililochanika, na kule mwisho mwanawe, bila kuinua kichwa, akaulegeza upande wake ili baba apate. Babu akavuta tena. Mwana akalegeza tena. Nimetumia saa nzima kwenye kuvuta na kulegeza huko. Nilipiga kwa lenzi ya milimita 35, wote wawili kwenye ncha za fremu na wavu umetanda katikati yao, f/8, tundu dogo, ili uzi wote usomeke.

Mjukuu wa kike wa miaka mitano alipita akikimbia. Babu akamwita: "Mke wangu, umeniletea maji?" Yule mtoto akamjibu yuko na kazi. Utani huu wa babu na mjukuu ndio mlango wangu katika kila familia. Watu wazima wakiwa wamekakamaa mbele ya kamera, namwomba babu amtanie mkewe.

Januari 18

Nilipeleka picha kumi kusafishwa kwenye duka moja la mjini, ili kila familia ianze kupata zake. Zilirudi nyuso zote zimeng'arishwa. Bibi wa Ngamiani alikuwa na rangi ya mtu mwingine. Mashine yao hurekebisha yenyewe, na kwa mashine hiyo uso mweusi ni kosa la kurekebishwa. Nilirudi, nikaomba mtu azime marekebisho hayo yote, tukasafisha upya moja moja huku nimesimama pembeni. Ilichukua alasiri nzima. Nimehifadhi nakala moja iliyo sawa, nitakwenda nayo kila mara iwe kipimo.

Nilipompelekea bibi zake, alitoa sanduku la bati chini ya kitanda. Mna picha nane za studio, za ujana wake. Pwani hii ina historia ndefu ya studio: Unguja peke yake, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza ilianza kazi mwaka 1930. Mtu alivaa alichonacho kizuri, akaenda, akasimama mbele ya pazia. Bibi alinionyesha ya harusi yake. Yeye na mumewe wamesimama kama milingoti miwili. "Nilikuwa namwogopa," akasema, "siku ile ndiyo nilimwona vizuri." Hii ndiyo picha aliyoifuta kwanza vumbi kabla ya kunipa. Nimezipiga zote nane upya mlangoni uani, zikiwa zimelazwa juu ya kanga, maana mbili tayari zimeliwa pembeni na wadudu.

Februari 22

Mjukuu wa Ngamiani amejifungua mtoto wa kiume mapema mwezi huu. Kitukuu wa pili. Nimeambiwa kwa simu nikaenda kutoa mkono wa hongera, kamera nimeiacha nyumbani. Mtoto hatolewi nje wala hapigwi picha mpaka arobaini ipite, nami nimekubali bila neno. Dada mkubwa, yule wa miaka saba, alinishika mkono akanipeleka mpaka kwenye pazia la chumba, akaniambia kwa sauti ya chini: "Ana vidole vyote."

Machi 29

Arobaini imepita. Ramadhani nayo inakwisha. Jana mama mzazi alinipigia mwenyewe: "Njoo kesho kabla jua halijawa kali."

Chumba kina dirisha moja dogo lenye nondo, mashariki. Saa 1 asubuhi jua liliingia kama ubao, la moja kwa moja, kali mno kwa macho ya mtoto. Walitundika kanga dirishani, kama wafanyavyo kila siku, na nuru ikaenea chumba kizima ikiwa na rangi ya chungwa ya ile kanga. Nilifikiria kuomba kitambaa cheupe. Kisha nikaona nyuso zao: mama, mama yake mama, na bibi mkubwa kitandani, mtoto akipita mikono hadi mikono, wote wana wekundu uleule. Siku zote arobaini chumba kilikuwa na rangi hiyo. Nikaiacha.

ISO 1600, f/2.8, 1/100. Katika picha ninayoipenda bibi hamtazami mtoto. Anatazama mikono ya mjukuu wake, kama inashika shingo ya mtoto sawasawa, na mkono wake mwenyewe umetangulia chini, wazi, tayari.

Idi, siku ya pili

Masika imeshika. Mbingu ni kijivu tangu alfajiri, mvua inakuja na kwenda, na huu ndio mwanga bora wa mwaka mzima kwa watu wengi pamoja. Hakuna kivuli kikali, kanzu na buibui vinakaa kwenye fremu moja bila kugombana, na unaweza kupiga saa 7 mchana ileile iliyoniharibia Oktoba.

Nyumba ya Ngamiani ilijaa. Nilisimama kwenye kona ya ukumbi na kupiga kitu kimoja tu: watoto wakimbusu bibi mkono. Niliwahesabu thelathini na mmoja. Wadogo hubusu haraka macho yakiwa kwenye shilingi za sikukuu. Wa miaka kumi na mitano huona haya. Wanaume wazima huinama polepole, na mmoja, mtoto wake wa mwisho aliyekuja kutoka Dar, alibaki ameinama muda mrefu zaidi ya desturi, bibi akamwekea mkono wa pili kichwani. Nilikuwa nimepangia 1/125 na kichwa kilitikisika kidogo. Picha ina ukungu. Nitaitumia.

Baadaye walitaka picha rasmi ya wote. Tukatundika doti ya kanga kwenye kamba ya kuanikia uani. Seydou Keïta alifanya hivi Bamako kuanzia mwaka 1948: uwanja wa nyumbani, mwanga wa jua, nyuma shuka ya kitandani mwake, na kila mteja alimpiga mara moja tu kwa sababu filamu ilikuwa ghali. Mimi filamu siinunui, lakini niliwaambia nitapiga mara moja. Ua mzima ulinyamaza. Nimepata utulivu ambao picha mia moja zisingenipa. Mkwe wa kiume alikaa mwisho wa safu ya pili, mama mkwe mwisho wa safu ya kwanza, na katikati yao kichanga.

Juni 21. Lushoto

Familia ya tatu, milimani. Wiki nzima ya kipupwe, ukungu hadi saa 4 asubuhi. Ukungu ni shuka nyeupe kubwa kuliko zote: mwanga unatoka kila upande na hautoki popote. Nyuso ni laini sana, nyuma hakuna kitu, mibuni inaishia hatua ishirini. Ni nzuri, na siku ya pili nilianza kuichoka, maana kila mtu anaonekana yuko peke yake duniani. Familia inahitaji nyumba nyuma yake.

Bibi wa huku alinijibu swali langu kwa kunipeleka jikoni. Jiko la kuni, mafiga matatu, mlango mmoja. Moshi ukipanda, nuru ya mlangoni hushika moshi na kuwa mwale unaoonekana. Hapo ndipo anapochagulia maharage, na wajukuu wawili hukaa magotini pake kila jioni kwa ajili ya joto. Nilipiga nikiwa nimechuchumaa karibu na kizingiti, macho yanatoka machozi. Picha nne nzuri. Mama wa watoto ameniomba picha za wanawe zisiwekwe mtandaoni. Nimeandika jina la kila faili na kuzitenga.

Julai 12. Ngamiani

Sikuwa nimepanga kupiga leo. Nilileta picha za Idi.

Bibi alikuwa mlangoni uani, saa 3 asubuhi. Jua liko kaskazini mwezi huu, nyumba yenyewe inaweka uani kivulini, na bati la jirani lilikuwa likirudisha nuru yake. Nilitambua kuwa hakukaa pale nilipomzoea. Amejivuta karibu zaidi na kizingiti, miguu iko nje kabisa. Nikadhani macho yamezidi kuwa hafifu, na ni kweli yamezidi. Lile jicho la kulia limeshafunga weupe, wanasubiri tarehe ya kwenda kusafishwa.

Uzi wake ukaisha. Alishika sindano mkono mmoja, akaunyoosha mbali, hakujaribu hata mara moja kuutia. Aliita: "Mke mwenzangu!" Kitukuu akaja, ametimiza miaka minane sasa. Akapiga magoti, akaulowesha uzi mdomoni, akafumba jicho moja. Bibi akamuuliza: "Hapo unaliona tundu, au tusogee?"

"Naliona."

Nilikuwa nimekwisha kuinua kamera. f/4, 1/160, ISO 640. Nimepiga mara tatu, na ya pili ndiyo. Mtoto ametoa ncha ya ulimi, uzi umefika kwenye tundu na haujapita. Kidole gumba cha bibi kiko kwenye kiwiko cha mtoto, kinamtuliza asitikisike. Nyuma yao, kwenye giza la ukumbi, mama amempakata kichanga na bibi mdogo anahesabu vitundu vya kofia. Hakuna kati yao aliyenitazama.

Mkeka ule bado unahama na nuru kama zamani. Sasa unahamia pale ambapo macho ya mtoto yanaona.

Julai 26

Nimeleta picha ya sindano, kubwa, kwenye fremu yenye kioo. Nusu ya nyumba ilikuja kuitazama. Kitukuu alisema ulimi utolewe. Bibi aliishika karibu sana na jicho zuri, muda mrefu, akipita juu yake kwa kidole kutoka mkono wake hadi mkono wa mtoto. Akasema: "Hapo kidole changu kimekaa vizuri."

Mjomba alileta msumari na nyundo. Nikachagua ukuta wa ukumbi upande wa magharibi, hatua mbili kutoka mlango wa uani, panapoonekana na kila anayeingia. Nimepima mwanga pale mara nyingi na hakuna jua linalopagusa.

"Si hapo," bibi akasema, kabla mjomba hajapiga. "Mwezi wa kumi na mbili jua la asubuhi linaingia kwa mlango huo, linapiga hapo mpaka saa nne. Kalenda tuliyoitundika ilibabuka yote." Desemba mimi nilikuwa Tongoni. Alinyanyuka kwa kumshika kitukuu bega, wakavuka ukumbi pamoja, akaweka kiganja ukutani upande wa pili, juu kidogo ya ile rangi ya kijani.

"Tundika huku."